Nukta-mkato Iachie Mashine, Tarehe Isome Mwenyewe

Fungua kumbukumbu za mapitio ya msimbo wa JavaScript katika ofisi yoyote hapa Dodoma, iwe ya wizara kule Mtumba au ya vijana waliochangia pango la chumba kimoja Area C, usome maoni yaliyoachwa. Mengi yatakuwa juu ya nafasi kabla ya mabano, nukuu moja au nukuu mbili, nukta-mkato iliyosahaulika mwisho wa mstari. Mwandishi anarekebisha, mpitiaji anaridhika, msimbo unaingia. Kisha mhasibu wa halmashauri anapiga simu: malipo ya tarehe 1 Julai yanaonekana kwenye ripoti kuwa ya 30 Juni, yaani yamerudi katika mwaka wa fedha uliokwisha kufungwa.

Kosa hilo lilipita mbele ya macho ya mpitiaji. Mstari wenyewe unaweza kuwa huu: `new Date(2025, 6, 1).toISOString().slice(0, 10);`. Nafasi ziko sawa, nukta-mkato ipo, hakuna cha kulalamikia. Ila JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri, hivyo 6 ni Julai. Tarehe inaundwa kwa saa za kompyuta yenyewe, saa sita usiku ya Tanzania, halafu `toISOString` inaigeuza kuwa saa za UTC, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Usiku wa manane wa kuamkia 1 Julai kwetu ni saa tatu usiku ya 30 Juni kwa UTC. Ukiujaribu mstari huo kwenye seva iliyowekewa saa za UTC, unatoa jibu sahihi. Ukiujaribu kwenye laptopu ya ofisini, unatoa jibu la jana. Mtu aliyekwisha kutumia nusu saa akihesabu nafasi hana tena macho ya kuuona.

Ushauri wangu kwa wasanidi wa mji huu ni kwamba usafi wa mtindo utolewe kabisa mikononi mwa mpitiaji, upewe mashine, na ufanywe kwa wakati wake. Sisemi hivyo kwa kudharau mtindo. Msimbo wenye sura tatu ndani ya faili moja huchosha, na msimbo wa Dodoma hurithiwa haraka kuliko wa mahali pengi. Mtumishi aliyeuandika anahamishwa. Wanafunzi wa fildi kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanakuja likizo ndefu, wanaandika kipande chao, wanarudi chuoni Chimwaga kumalizia masomo. Mkandarasi anamaliza mkataba. Anayebaki na mfumo lazima asome kazi ya watu ambao hawezi tena kuwauliza, na kila tofauti ya sura anayokutana nayo itampa shaka: je, huyu aliandika hivi kwa sababu, au ni mazoea yake tu? Kwa hiyo usafi ni haki ya msomaji anayekuja. Swali ni nani aufanye, na lini.

Lugha yenyewe imechangia ugomvi huu. Brendan Eich aliitengeneza JavaScript kwa siku 10 mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, na aliiacha iwe na ulegevu mwingi: mtu anaweza kuacha nukta-mkato na lugha ikajaribu kuiweka yenyewe. Kila timu ikajijengea desturi. Mwaka 2002 Douglas Crockford alitoa JSLint, chombo kilichokagua msimbo kwa masharti makali ya mtu mmoja. Mwaka 2013 Nicholas Zakas akaanzisha ESLint, linta (chombo cha ukaguzi kama hicho) ambayo kila timu inaweza kuichagulia masharti yake. Mwaka 2017 ikaja Prettier ya James Long, ambayo haimlaumu mtu wala haimshauri: inausoma msimbo wote na kuuandika upya kwa sura moja. Tangu hapo hoja ya nani aweke nafasi wapi imekosa uzito wa kitaalamu. Hata ESLint mwaka 2023 walitangaza kwamba wanaachana na masharti ya mpangilio, wabaki kutafuta makosa. Kama waliotengeneza linta wameona kazi hiyo si yao, mpitiaji wa kibinadamu anaing'ang'ania kwa nini?

Mfano wa kuigwa tunao karibu. DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya huutumia kukusanya takwimu za huduma za afya (MTUHA) kutoka zahanati na hospitali nchi nzima, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na waandishi wake wametawanyika katika mabara kadhaa. Lau wangejadili nukuu na nafasi kwa kila badiliko, wasingefika popote. Wakatengeneza chombo kimoja kiitwacho d2-style, ambacho ndani yake kuna ESLint na Prettier zenye masharti yaliyokwisha kukubaliwa: amri moja inakagua, nyingine inarekebisha. Wao wameamua kutoweka nukta-mkato. Mimi napenda kuziweka. Lakini nikiandika ndani ya msimbo wao nitafuata yao bila neno, kwa sababu Prettier ikiambiwa isiweke nukta-mkato, inajua yenyewe sehemu chache za hatari, kama mstari unaoanza na mabano, na inaiweka hapo. Chaguo lolote kati ya hayo mawili ni salama likisimamiwa na mashine, na chaguo lolote ni balaa likisimamiwa na kumbukumbu za watu.

Anzeni basi na kikao kimoja, na kisizidi saa moja. Chukueni masharti ya Prettier kama yalivyo, mbadilishe mawili matatu ambayo kweli yanawakera wengi, myaandike kwenye faili la `.prettierrc`, muliweke ndani ya hifadhi ya msimbo pamoja na kila kitu. Mwenye pingamizi alitoe siku hiyo. Baada ya hapo, anayetaka kubadili sharti alete pendekezo la kubadili faili hilo kwa ajili ya wote. Asilete malalamiko yake ndani ya kazi ya mwenzake.

Toleo la Prettier lifungeni kabisa. Tumieni `npm install --save-dev --save-exact prettier`, ili kila kompyuta iwe na toleo lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Hili si jambo dogo: toleo la 3 lililotoka mwaka 2023 lilibadili namna mkato wa mwisho unavyowekwa kwenye orodha ndefu ya vigezo vya fanksheni, na timu ambayo nusu yake ilikuwa na toleo la 2 na nusu toleo la 3 ingejikuta ikibadilishana mikato hiyo kila siku, huyu anaweka, yule anaondoa. Chombo kikishasakinishwa kinafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo mtandao kukatika si kisingizio. Kiunganisheni na kihariri cha kila mtu kifanye kazi faili linapohifadhiwa, na kwenye seva wekeni ukaguzi unaolikataa ombi la kuunganisha ambalo halijapangwa. Anayekataliwa na mashine hapati aibu mbele ya wenzake; anaendesha amri moja anaendelea.

Kuna jambo moja linalowasumbua watu wa maofisini zaidi ya wanavyotambua. Kompyuta nyingi za ofisi zetu ni za Windows, na Windows humalizia mstari kwa alama mbili zisizoonekana, wakati Linux ya kwenye seva humalizia kwa moja. Mtu anabadili neno moja, lakini ombi lake linaonyesha faili zima la mistari mia nane limebadilika. Mpitiaji hawezi kuona kilichobadilika, anachoka, anaidhinisha. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la `.gitattributes`: `* text=auto eol=lf`. Wekeni leo. Wakati mnasubiri wote waupate, mpitiaji anaweza kutumia `git diff -w`, inayopuuza tofauti za nafasi na kuacha yaliyobadilika kweli.

Sasa msimbo wa zamani. Hapa ndipo timu nyingi huharibu. Msanidi anapewa kazi ya kurekebisha hesabu ya posho, anafungua faili lililoandikwa na watu wanne kwa miaka sita, anaona uchafu, anausafisha wote, na ndani ya usafi huo anabadili mistari mitatu ya hesabu. Ombi linakuja na mistari elfu moja. Nia yake ni njema, lakini amemzika mpitiaji. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hapogoi mizabibu huku anavuna. Kila kazi ina msimu wake, kwa sababu mikono inayofanya yote mawili pamoja huangusha matunda.

Chagueni siku ambayo matawi yaliyo wazi ni machache. Kwa mifumo ya fedha, msichague Juni wala mwanzo wa Julai. Siku hiyo endesheni Prettier kwenye msimbo wote, mara moja, na mhifadhi matokeo kama rekodi moja ya mabadiliko isiyo na kitu kingine chochote ndani yake. Prettier haibadili maana ya msimbo, kwa hiyo rekodi hiyo haihitaji kusomwa mstari kwa mstari. Inahitaji majaribio yapite na mtu mwingine aendeshe amri ile ile aone anapata matokeo yale yale. Halafu chukueni namba ya rekodi hiyo mwiandike kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`. Tangu toleo la 2.23 la Agosti 2019, Git inaweza kuambiwa iiruke rekodi hiyo inapotafuta nani aliandika mstari upi, na amri ni `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Bila hatua hii, kila mstari wa mfumo utaonekana umeandikwa na yule kijana aliyeendesha Prettier, na historia ya miaka sita itakuwa imefichwa nyuma ya jina lake.

Hapo mpangilio umekwisha. Kinachobaki ndicho kinachoitwa mtindo ilhali si mtindo, na hapa naomba msomaji aende nami polepole.

Chukua alama ya ulinganisho. Mpitiaji anaona `==`, anaandika, "tumia `===`", kama anayesahihisha tahajia. Mwandishi anabadili kote kwa mara moja. Lakini hizo ni alama mbili zenye tabia tofauti. Kinachotoka kwenye fomu ya kivinjari huja kama maandishi; `idadi == 5` inakubali hata kama idadi ni maandishi "5", ilhali `idadi === 5` inakataa. Badiliko lililoitwa usafi limefunga mlango uliokuwa wazi. Upande wa pili, kuiacha `==` nako kuna hatari yake. Katika JavaScript sifuri ni sawa na maandishi matupu ukilinganisha kwa `==`. Muuguzi wa zahanati wilayani Mpwapwa akijaza sifuri kwenye idadi ya vifo vya mwezi, sifuri hiyo ni habari njema na ni taarifa kamili. Sifuri hiyo ikiwa imekwisha kugeuzwa kutoka maandishi kuwa namba, fomu yenye `if (idadi == '')` itamwambia hajajaza, na fomu yenye `if (!idadi)` itafanya hivyo hivyo. Katika takwimu za afya, sifuri na kutoripoti ni vitu viwili, na afisa wa wilaya huwafuatilia wasioripoti. Kwa hiyo `===` inafaa kuwa sharti, lakini kila badiliko la kuifikia lipitiwe kama badiliko la maana. ESLint yenyewe inalijua hili: sharti lake la `eqeqeq` hulalamika kila mahali, lakini hurekebisha lenyewe katika hali chache tu zilizo salama. Kwingine kote linakuachia wewe.

`var` kugeuzwa `let` nako ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2015 hakuna sababu ya kuandika `var` mpya. Lakini `var` ya zamani ndani ya kitanzi, ikitumiwa na fanksheni inayoendeshwa baadaye, huwa na thamani ya mwisho tu, na kuna msimbo mahali fulani unaoitegemea tabia hiyo bila aliyeuandika kujua. Badilisheni faili moja moja, mnapokuwa na sababu nyingine ya kulifungua, na badiliko hilo lisimame kwenye rekodi yake.

Kisha kuna makosa ambayo hakuna mashine ya mpangilio itakayoyagusa, na haya ndiyo mpitiaji analipwa kuyatafuta. Panga `[5000, 20000, 100000].sort()` na utapata laki moja kwanza, elfu ishirini, halafu elfu tano, kwa sababu JavaScript hupanga kama maandishi isipoelekezwa. Orodha ya madeni iliyopangwa hivyo inaonekana nzuri kwenye skrini na ni uongo. Namba ya simu ikigeuzwa kuwa namba ya hesabu inapoteza sifuri ya mbele. Na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, wakati namba kamili kubwa kabisa ambayo `Number` ya JavaScript inaihifadhi kwa uhakika ni 9007199254740991, yenye tarakimu 16. Mtu akiandika `Number(nida)`, tarakimu za mwisho zitabadilika kimya kimya, bila ujumbe wa kosa, na raia wawili ambao namba zao zinatofautiana mwishoni tu wanaweza kugeuka mtu mmoja. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haizidishwi. Ihifadhiwe kama maandishi tangu fomu hadi kanzidata. Ningependa kuona timu zetu zikiwa na orodha fupi ya mambo kama haya iliyobandikwa pale mpitiaji anapoanzia kazi: tarehe na saa za UTC, sifuri na utupu, upangaji wa fedha, namba za utambulisho.

Majina ya vigeu yanastahili neno. Mashine inaweza kulazimisha herufi kubwa na ndogo, haiwezi kujua kama jina linasema kweli. Wengi wetu huchanganya lugha, `totalMalipo` hapa, `jumlaPayment` pale. Chagueni lugha moja kwa msimbo wa jumla, lakini maneno ya utawala wetu yaacheni kwa Kiswahili: kata, kitongoji, mtaa, halmashauri. Katika mfumo wa hospitali nimeona `ward` ikimaanisha kata anakotoka mgonjwa katika faili moja, na wodi aliyolazwa katika faili jingine. Linta haikuona kosa. `kata` na `wodi` vingemaliza utata huo kwa herufi nne nne.

Mashine ikishachukua mtindo, maoni ya mpitiaji yatapungua idadi na kuongezeka uzito, na hapo namna ya kuyasema inahitaji uangalifu. Katika ofisi zetu si ajabu kijana wa miaka ishirini na mitatu akapitia kazi ya mtu anayemwamkia shikamoo asubuhi. Akiandika, "hii si sahihi, badilisha", amekosea hata kama amepatia. Akinyamaza kwa heshima, mfumo unaumia. Njia ya katikati ni kuzungumza juu ya data: "Mkuu, hapa idadi ikija sifuri naona fomu itasema haijajazwa. Nimejaribu na 0 ikatokea hivyo. Tuangalie utupu peke yake?" Maoni ya namna hii yanaleta ushahidi, hayamgusi mtu, na mkubwa anaweza kuyakubali bila kushuka. Mkubwa naye akipitia kazi ya kijana asijifiche nyuma ya cheo. Aeleze sababu, maana kijana huyo kesho ndiye atakayepitia kazi za wengine.

Inasaidia pia kuanza kila maoni na neno moja la kuonyesha uzito wake. LAZIMA ni kosa litakalomuumiza mtumiaji, na ombi halipiti bila kurekebishwa. SWALI ni pale usipoelewa. HIARI ni upendeleo wako, na mwandishi ana haki ya kuupita. Ukijikuta umeandika HIARI sita na LAZIMA hakuna, idhinisha kazi. Jambo likiwa zito, mfuate mwenzako mezani mzungumze, kisha andikeni mlichokubaliana palepale kwenye mapitio, kwa ajili ya atakayerithi.

Wanafunzi wa fildi ndio watakaonufaika kwanza. Mgeni anayeingia kwenye hifadhi ya msimbo isiyo na masharti hupokea wiki zake za mwanzo maoni juu ya nafasi na nukuu, na anaondoka akiamini kwamba huko ndiko kupitia msimbo. Mgeni anayekuta mashine imemaliza hayo huulizwa tangu siku ya kwanza: huyu mtumiaji akiacha wazi, nini kitatokea? Tarehe hii ni ya saa za wapi? Huo ndio ufundi anaopaswa kurudi nao chuoni. Kwa hiyo, kama hifadhi yenu ya msimbo haina faili la Prettier, wala `.gitattributes`, wala ukaguzi kwenye seva, viwekeni kabla wanafunzi wa mwaka huu hawajaripoti.